Ukungu Nyuma ya Ukuta

17 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Ninaandika kwa sababu ninasahau. Juzi nilisimama mbele ya jiko na sufuria mkononi, nisijue kama nilitaka kupika au nimeshamaliza kula. Burton aliichukua taratibu, akaiweka mezani. Basi nitaandika kila nikiweza, hata mstari mmoja, siku zisije zikanipotea kama zilivyonipotea za kiangazi.

Kupe aliniuma nyuma ya goti miaka mitatu iliyopita, mwezi wa saba, nikimsaidia mume wangu kupogoa miti yake ya Krismasi. Nilikuwa dereva wa basi la shule. Mwezi wa tisa mwaka huohuo nilisimamisha basi penye njia panda, watoto wamejaa, sijui nikate kulia au kushoto kwenye barabara niliyoipita miaka kumi na tisa. Mtoto mmoja akaniambia, "Kulia, Bi Leota." Niliwafikisha, nikarudisha ufunguo, sijaendesha tena.

Daktari wa kwanza alisema ni umri. Wa pili alipima damu, akakuta ugonjwa wa Lyme, akanipa dawa za wiki tatu. Dawa ziliisha, maumivu hayakuisha. Wa tatu aliniuliza kama naelewana na mume wangu. Tukaja kusikia habari za kliniki moja ya binafsi ng'ambo ya mpaka. Hao hawakunicheka. Walinisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, wakanitilia mrija mkononi, unaopanda ndani ya mshipa mpaka karibu na moyo, na tangu majira ya kuchipua napokea antibayotiki kila siku. Burton mwenyewe huning'inizia mfuko wa dawa. Hajawahi kukosa.

Watu walioniamini ni hao, na Burton.

Wifi yangu Thelda anakuja Jumapili kusaidia msimu wa miti. Mungu anipe subira.

19 Septemba

Mvua. Nimelala.

21 Septemba

Amefika. Alipanda ngazi za baraza na mtungi wa kabichi ya kuchachisha kwapani, kakohoa kidogo mlangoni, kavuta pumzi.

"Burton, nyumba yenu inanuka kama gunia la viazi vilivyosahaulika."

"Ni mvua, dada."

"Mvua inanyesha na kwangu Riverport. Kwangu hakunuki hivi."

Akaja chumbani kwangu. Nalala chumba cha nyuma, kile kilichopakana na jikoni, kwa sababu siwezi ngazi za kwenda juu na kwa sababu joto la jiko la kuni linapita ukutani. Alisimama, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo."

"Uongo," akasema, akaenda kuweka kabichi yake.

Ana miaka sitini na saba, mjane, mrefu kama mlango. Ameshazika mume na ndugu wawili, na hakuna hata mmoja aliyemlilia hadharani. Anaamini ugonjwa una mwanzo na mwisho. Wa kwangu hauna mwisho, kwa hiyo anauona kama uvivu uliopewa jina.

24 Septemba

Nesi Comeau alikuja kubadilisha bandeji ya mrija. Akaniambia nifungue mdomo. Ulimi una utando mweupe, hata mashavuni kwa ndani. "Hii ni fangasi," akasema. "Hutokea antibayotiki zikikaa mwilini muda mrefu. Waambie wa kliniki." Akaniachia dawa ya kusukutua.

Burton aliwapigia simu. Wakasema ni kawaida, tuendelee.

29 Septemba

Redio inasema mkia wa kimbunga utapita kwetu kesho. Burton ameenda kukaza turubai kwenye ghala. Thelda anajaza maji ndoo zote, pamoja na beseni la kuogea. Mifupa yangu ilijua kabla ya redio.

1 Oktoba

Kimepita. Umeme hakuna. Upepo ulivuma kutwa kama treni isiyofika. Miti midogo ya shamba la juu imelala chini, ile mikubwa ya kukata mwaka huu imesimama, ashukuriwe Mungu.

Leo asubuhi sakafu ya chumba changu ilikuwa na maji. Hayakuingia kwa dirisha wala mlango. Yalitoka chini ya ukuta, polepole, kama jasho. Burton akayapangusa kwa taulo kabla sijauliza, akaliweka taulo kwenye ndoo, akatoka nayo nje. Lilikuwa limechafuka rangi ya chai.

5 Oktoba

Kikohozi. Kikavu, kinaanza nikilala tu. Nikikaa barazani hata kwa baridi kinatulia. Thelda ameliona hilo. Leo alinitoa kitandani bila kuniomba ruhusa, akasukuma kitanda katikati ya chumba, akapiga magoti na kupapasa karatasi ya ukuta, ile ya maua ya bluu. Kidole kikazama. Akakinusa.

"Burton! Njoo hapa."

Burton alikuja na buti zake.

"Lete patasi. Huu ukuta umeoza."

"Usiuguse."

"Nasema umeoza, mdogo wangu. Nani anakaa na ukuta kama huu, na mgonjwa ndani?"

"Na mimi nasema usiuguse, Thelda. Babu aliujenga ukuta huu. Nitautazama miti ikishakatwa."

Sijawahi kumsikia akimwita dada yake kwa jina. Thelda alinyanyuka, magoti yakamlia. Nilidhani atajibu. Akatoka, akaanza kupasua kuni, na mapigo ya shoka niliyasikia mpaka chakula cha mchana.

Nilimwonea huruma mume wangu. Nilijisemea: huyu mwanamke amekuja kutuvunjia nyumba.

6 Oktoba

Ukungu wa baharini umefika mpaka huku bara. Sioni ghala. Nje ukungu, kichwani ukungu.

8 Oktoba

Kumeza kunauma. Supu tu.

13 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani. Thelda alipika bata mzinga, viazi, maboga, soseji za Lunenburg na ile kabichi yake, na Burton alivaa shati safi. Nilijivuta mpaka mezani kwa ajili yake.

Tonge la kwanza lilishuka kama miba. La pili nilishindwa nalo, nikalitemea kitambaani. Wote wawili waliona. Burton akainamisha kichwa juu ya sahani yake.

Thelda akaweka uma chini. "Tangu lini uko hivi?"

"Siku chache."

"Ulipotiwa huo mrija ulikuwa na uzito gani? Maana mikono yako sasa hivi ningeweza kuivisha pete." Akamgeukia Burton. "Miezi mitano anatiwa dawa na miezi mitano anakonda. Dawa gani hiyo?"

"Kliniki wanasema ndivyo inavyokuwa," Burton akasema. "Bakteria wakifa wanatoa sumu, mtu anazidiwa kabla ya kupona."

"Na akizidiwa mpaka akafa, watasema amepona?"

"Dada!"

"Kupe wa kwanza mlimtoa kwa kibanio. Huyu wa pili mmemlaza mkononi mwake na kumfunika bandeji."

Nikamwambia, kwa sauti niliyoweza kuipata, kwamba hakuwahi kuniamini tangu siku ya kwanza, kwamba angependa nife ili awe amesema kweli. Ninaandika nilivyosema. Hakukasirika. Aliniangalia, akaniuliza, taratibu kabisa:

"Niambie, wifi. Unataka kupona, au unataka kuaminiwa?"

Nilisukuma sahani. Ikaanguka. Burton aliniinua akanirudisha kitandani, akanifunika, akasema, "Usimsikilize. Utapona." Nililia nikikohoa mpaka nikatapika.

14 Oktoba

Sijazungumza na Thelda. Ananiletea chai, anaiacha.

20 Oktoba

Jalidi ya kwanza imeanguka. Burton amefurahi, miti inahitaji baridi ili majani yashike. Thelda amekaa ghalani siku nzima akifunga mashada ya matawi. Mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu. Ametuma chai kwa mkono wa Burton.

27 Oktoba

Homa kila jioni, inashuka asubuhi. Kliniki wanasema kwenye simu ni ishara njema. Yule binti anayepokea simu ana sauti ya upole sana. Nilitamani aendelee tu kuongea.

2 Novemba

Wameanza kukata. Nasikia misumeno ya mashine tangu kulipokucha. Lori la kupeleka miti Boston litakuja katikati ya mwezi.

Jicho la kushoto linaona vitu vinaelea, kama majani ya chai kwenye kikombe. Sikumwambia mtu. Kila ninachosema kinageuzwa kuwa hoja.

6 Novemba

Nimetetemeka asubuhi yote. Si baridi. Meno yaligongana mpaka nikajing'ata ulimi. Ilianza mara tu Burton alipousafisha mrija kwa maji ya dawa. Yeye alikaa akinishika mabega. Nikamwambia, "Usinipeleke hospitali. Watautoa mrija. Watasema ni kichwa changu, watautoa, na hakuna mwingine atakayeniwekea tena."

Akasema, "Sikupeleki kama hutaki."

Nikamshukuru. Nampenda mtu huyu

13 Novemba, Halifax

Wamenipa kalamu ileile. Thelda ndiye aliyeleta daftari. Sentensi ya mwisho juu sikuimaliza na sasa sitaimalizia.

Nitaandika nilichoambiwa pamoja na nilichokiona mwenyewe, kwa sababu vimechanganyika.

Siku ile ya tarehe sita, adhuhuri, Thelda aliingia kutoka ghalani kuchukua uzi. Alinikuta rangi ya majivu, midomo ya bluu, nikizungumza na watoto wa basini. Nilikuwa nikiwaambia wakae chini, gari linaondoka. Burton alikuwa kapiga magoti kando ya kitanda, ameushika mkono wangu, analia.

"Umepiga simu?" Thelda akamuuliza.

"Hataki."

"Sikuulizi yeye anataka nini. Nauliza umepiga simu?"

"Nimemwahidi, dada. Kila mtu amemwambia hana lolote, kila mtu. Mimi nimemwahidi kwamba sitamlazimisha. Mimi ndiye pekee aliyenaye."

Thelda hakubishana naye. Miti ilikuwa imelala barabarani ikisubiri kufungwa wavu, gari la wagonjwa lisingepita. Alinifunga kwenye blanketi, akaniinua. Ana miaka sitini na saba na aliniinua kama mtu anavyobeba nguo za kufua. Hapo nakumbuka mwenyewe: nilimpiga. Nilimpiga kifuani na usoni kwa mkono ule usio na mrija, nikamwita mwuaji. Nakumbuka harufu ya utomvu kwenye koti lake. Alisema, "Piga, wifi. Mwenye nguvu za kupiga hajafa."

Alinilaza kwenye kiti cha pikapu, akapita juu ya miti iliyokatwa. Ile iliyokuwa tayari kuuzwa, akaikanyaga kwa magurudumu mpaka barabara kuu. Burton alikimbia nyuma, kisha akasimama.

Mengine sijui. Nimeamka hapa, chumba cha wagonjwa mahututi, mkono hauna mrija.

14 Novemba

Daktari anaitwa MacIsaac, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Alivuta kiti, akakaa. Madaktari wengi huongea wakiwa wamesimama.

"Una fangasi kwenye damu," akasema. "Wamepita kwenye mrija. Wamefika mpaka kwenye jicho lako la kushoto. Tumetoa mrija, tunakupa dawa ya kuwaua, na kesho tutakuchoma sindano ndani ya jicho. Inatisha kuisikia kuliko inavyouma."

"Kwa hiyo na wewe unasema sina Lyme."

"Sijasema hivyo. Kupe alikuuma, ukapata Lyme, damu yako ilishasema. Kuna watu wanaobaki na maumivu na uchovu baada ya dawa, na kwa nini hasa, hatujui vizuri. Atakayekuambia anajua kila kitu, mwogope. Maumivu yako hujayabuni."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka mitatu, yakaja wakati sina hata nguvu ya kufuta machozi.

"Lakini antibayotiki za miezi yote ile," akaendelea, "zimefukuza na walinzi wa ndani ya mwili, wale wanaowazuia fangasi. Halafu kukawa na mlango wazi mkononi. Wifi yako amenieleza kuhusu chumba unacholala. Ukungu wa ukutani ni wa aina nyingine, hauko kwenye damu yako. Huo umekushambulia mapafu. Hawa wawili si ndugu, wamekukuta tu umechoka."

"Wifi yangu amesema nini kingine?"

"Amesema umempiga vizuri sana." Akacheka kidogo. "Amekaa kwenye kiti cha nje tangu alipokuleta. Tumemwambia akapumzike, anasema kiti kinamtosha."

15 Novemba

Sindano ya jicho. Daktari alisema kweli.

17 Novemba

Burton alikuja. Amezeeka. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea chumba. Akakaa, akashika kofia kwa mikono miwili, akasema anataka kusema jambo na nisimkatize.

Majira ya baridi yale ya kwanza ya ugonjwa wangu, barafu ilivunja paa upande wa nyuma. Nilikuwa kitandani juu, sikujua. Maji yalishuka ndani ya ukuta wa chumba kile wiki nzima kabla hajayaona. Aliziba paa. Ukuta ulihitaji kubomolewa wote, mpaka kwenye nguzo za babu yake, na hapo nilikuwa nimeanza kuanguka ngazini na daktari wa tatu alikuwa ameshaniuliza swali lake.

"Sikuwa na nguvu ya kubomoa, Leota. Nilipigilia mbao juu yake nikiwa najua ni mbichi. Nikabandika yale maua ya bluu kwa sababu ulisema unayapenda. Nikasema kiangazi kitakausha. Halafu ukawa huwezi ngazi, nikakulaza pale kwa sababu pana joto."

Nilimwuliza, "Ulijua nilipoanza kukohoa?"

"Nilijua maji yalipotoka sakafuni. Nilishindwa kukuambia. Kila mtu alikuwa amekukosea isipokuwa mimi. Nilitaka nibaki hivyo."

Nilimwambia aende. Hakukataa. Alipofika mlangoni nikamwita, nikamwuliza miti imekuwaje. Akasema majirani wamekuja na misumeno yao, wanakata. Akasema, "Nusu itabaki. Ibaki." Akaenda.

Nimefikiri siku nzima. Huyu aliyeniamini alikuwa akinishika mkono nikifa. Naye yule asiyeniamini alikanyaga mavuno ya mdogo wake kunifikisha hapa. Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimelala nalo tu.

18 Novemba

Theluji kidogo dirishani. Jicho la kulia linaona kila kitu. La kushoto linaona mwanga na kivuli.

20 Novemba

Nimemwita Thelda aingie. Alikaa, akatoa sufu yake, akaanza kufuma bila kunitazama.

"Nimeufungua ukuta," akasema. "Jana nilirudi na patasi. Burton alikuwa mashambani, na hata angekuwepo ningeufungua."

"Kukoje?"

"Kweusi. Kumeota kama manyoya ya mbwa, toka sakafuni mpaka darini. Nyuma ya kichwa chako palepale, wifi. Mbao nilizivunja kwa mkono. Nilitoka nje nikakaa kwenye theluji."

Sindano za kufuma zikaendelea.

"Sasa unaniamini?" nikamwuliza.

Akasimamisha mikono. Thelda hasemi neno la kumpendeza mtu.

"Sijui, wifi. Hayo mambo yenu ya Lyme isiyoisha mimi siyaelewi, na daktari mwenyewe anasema hawayaelewi. Nilichojua ni kwamba ulikuwa unakufa. Kwa hilo sikuhitaji kuamini kitu, niliona tu." Akaanza tena kufuma. "Na lile swali nililokuuliza mezani. Lilikuwa swali baya."

"Lilikuwa swali la kweli."

"La kweli, lakini baya. Mtu mwenye njaa humwulizi kama anataka mkate au heshima."

Nikanyoosha mkono. Akautazama kama hajui ni wa nini, kisha akaushika, na sufu ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

29 Novemba

Lori la pili la Boston limeondoka. Hakuna la tatu.

4 Desemba, Riverport

Nimetoka. Sikurudi nyumbani. Niko kwa Thelda, nyumba ndogo ya mbao yenye vyumba vitatu na harufu ya sabuni. Nina vidonge vya fangasi vya wiki kadhaa mbele. Kikohozi kimekwisha kabisa, hilo ndilo la kushangaza. Maumivu ya magoti na mabega yamebaki palepale, na uchovu. Daktari MacIsaac amenipangia mtu wa mazoezi ya viungo na kuniomba nirudi kwake kila mwezi, "hata kama sina jipya la kukupa." Nitakwenda.

7 Desemba

Burton huja jioni. Thelda hamruhusu kuingia na nguo alizovaa kule kwenye nyumba ya ukungu. Humwamuru avue koti na suruali barazani, kwenye baridi inayogandisha pua, na kumrushia nguo za marehemu mumewe.

"Dada, majirani wananiona."

"Wameshaona mabaya zaidi."

Leo nilicheka. Alinisikia kutoka nje, akabaki amesimama na soksi, hataki kuingia nisije nikaacha.

11 Desemba

Burton anabomoa upande wa nyuma wa nyumba peke yake. Hataki msaada. Tumezungumza kidogo tu. Sijamsamehe, na nimemwambia. Akasema, "Najua. Nitakuja kesho." Zamani angesema utapona, na mimi ningejibu ndiyo, na hakuna kati yetu ambaye angekuwa amesema kitu.

16 Desemba

Juzi nilitembea mpaka ukingo wa mto na kurudi. Nimelipia kwa kulala siku mbili.

25 Desemba

Kanisani, kiti cha nyuma. Thelda aliimba vibaya kwa sauti kubwa.

26 Desemba

Jana na leo ni siku za mabelsniko, waigizaji wa Krismasi wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Thelda alikuwa amekaanga mikate ya sukari akiwangoja. Walikuja sita, wamejifunika nyuso kwa mifuko ya unga na vinyago, wamevaa magauni, makoti ya mvua na ngozi ya kondoo, wanapiga kengele na kunguruma. Desturi ni mwenye nyumba awatambue, wao wasiseme neno.

Thelda aliwamaliza upesi. "Wewe ni Corkum, hakuna mwingine mwenye miguu hiyo. Wewe mtoto wa mchungaji, vua, unatoka jasho." Walicheka, wakafunua nyuso, wakala.

Akabaki mmoja, mrefu, amevaa gauni la kike juu ya koti na kitambaa cha mapazia usoni. Alisimama mbele ya kiti changu. Alikuwa ananichezea kama wanavyocheza, anainama, anaegemeza kichwa upande. Chumba chote kilikuwa kinanitazama. Kwa jicho langu moja, kile kitambaa hakikuniambia kitu.

Kisha akakohoa.

Kikohozi kikavu, kifupi, mara tatu, kinachokwaruza mwisho. Nakijua. Nililala nacho.

"Burton," nikasema.

Walipiga makofi. Yeye akavua kitambaa akitabasamu, uso umejaa vumbi kwenye makunyanzi, amekonda. Akakohoa tena.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Ni vumbi tu. Vumbi la kubomoa."

Watu walikuwa wanaendelea kucheka. Nilinyanyuka. Magoti yalinigomea, nikanyanyuka hivyohivyo, nikamshika shingo ya lile gauni la kijinga alilovaa.

"Kesho asubuhi unakwenda kwa daktari."

"Leota, nimebakiza ukuta mmoja."

"Sikuulizi unataka nini," nikasema.

Nyuma yangu nilisikia Thelda akiweka sahani mezani, polepole sana.

30 Desemba

Mapafu ya Burton yamevimba. Daktari MacIsaac anasema yatatulia kama hatarudi kulala mule wala kuendelea kubomoa, na kama atarudi, hana ahadi. Burton alisikiliza kama mtoto anayesomewa matokeo. Kwenye gari akasema, "Babu alileta kila ubao kwa gari la ng'ombe." Nikasema, "Najua."

3 Januari

Tumekwenda wote watatu kuchukua vilivyobaki. Majirani watamaliza kuibomoa nyumba majira ya kuchipua, watachoma mbao na kuziba msingi. Shamba la miti litabaki letu. Mimi nilikatazwa kushuka, nikakaa ndani ya pikapu na blanketi. Burton na Thelda walijifunga vitambaa usoni, wakaingia kwa zamu, wakatoka na vyombo, picha ya wazazi wao, na saa ya ukutani. Upande wa nyuma ulikuwa wazi. Niliona chumba changu kutoka nje, theluji sakafuni, na kipande cha maua ya bluu kikipepea.

Mwishoni Burton alivuta mlango wa mbele, akatoa ufunguo, akaufunga.

"Unamfungia nani, mdogo wangu?" Thelda akamwuliza. "Nyuma hakuna ukuta."

Burton alisimama na ufunguo. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaegemea mlango mpaka kikapita. Hakuufungua tena. Aliutia ufunguo mfukoni, akaja, akaingia upande wa dereva. Aliniuliza, "Unaumwa wapi leo?"

"Mabega. Na goti hili."

"Sana?"

"Sana."

Akaitikia kwa kichwa, akawasha gari. Hakuniambia nitapona.

Nyumba ilikuwa upande wa kushoto, upande wa jicho lisiloona. Ili kuitazama ilinibidi nigeuze kichwa kizima, na shingo yangu haigeuki bila maumivu. Niligeuza. Niliitazama mpaka miti iliyobaki bila kukatwa ikaificha.